Upasuaji wa matundu madogo kwa magonjwa sugu ya utumbo: maana yake nini?

Daktari akikuambia utumbo wako utafanyiwa upasuaji wa matundu madogo, anamaanisha kwamba hatakupasua tumbo kwa mshono mrefu unaopita kitovuni. Atatoboa sehemu tatu hadi tano, kila tundu likiwa na upana wa milimita 5 hadi 12. Moja linapitisha kamera, mengine yanapitisha vifaa virefu vyembamba vya kushikia, kukatia na kuzibia mishipa ya damu. Macho ya daktari yanakuwa kwenye skrini muda wote. Kitaalamu njia hii inaitwa laparoskopi.

Kinachopungua hapo ni jeraha la ukuta wa tumbo. Kazi ya ndani haipungui hata kidogo. Kama utumbo ulikuwa ukatwe sentimita 30, zitakatwa hizohizo 30. Nalisisitiza hili kwa sababu huku kwetu Mtwara mtu husikia "matundu" akadhani ni jambo la kwenda na kurudi, mgonjwa akapandishwa basi la Dar es Salaam bila ndugu wa kumuuguza. Hii ni operesheni kubwa, tena ya nusu kaputi kamili.

Inafanyikaje? Kwanza tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake unyanyuke kama hema na daktari apate nafasi. Gesi hii imechaguliwa kwa sababu haiwaki moto vifaa vya umeme vinapotumika, na mwili huinyonya upesi ukaitoa kwa pumzi. Baadhi ya wagonjwa huamka wakilalamikia maumivu ya bega na kuogopa kwamba wameangushwa kitandani. Hawajaangushwa. Gesi iliyobaki inasumbua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na neva ya kiwambo hicho inatokea shingoni pamoja na neva za bega. Maumivu hayo huisha ndani ya siku chache.

Sehemu mbovu ya utumbo ikishaachanishwa na mishipa yake, lazima itolewe nje, nayo haipiti kwenye tundu la milimita 12. Kwa hiyo tundu moja hupanuliwa hadi sentimita 4 au 6 hivi, mara nyingi kitovuni au chini ya tumbo. Ncha mbili zilizobaki huunganishwa kwa nyuzi au kwa stepla maalumu. Ukiona mshono mmoja mkubwa kuliko mingine, sababu ndiyo hiyo.

Njia yenyewe si ya jana. Daktari Jacobaeus wa Sweden alichungulia tumbo la binadamu hivi tangu 1910, lakini kukata utumbo mpana kwa njia hii kulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sasa magonjwa. Ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka 1932, huleta vidonda na makovu mpaka utumbo unabana na chakula hakipiti. Upasuaji hauuponyi. Unaondoa palipobana tu, na ugonjwa unaweza kurudi, pengine ukahitaji operesheni nyingine. Hapo ndipo naona faida kubwa ya matundu: tumbo hubaki na makovu machache ya ndani, na operesheni ya pili inakuwa rahisi kidogo. Kolaitisi ya vidonda ni tofauti. Yenyewe hushika utumbo mpana peke yake, hivyo utumbo huo ukiondolewa wote pamoja na puru, ugonjwa wa utumbo unaisha, ila mgonjwa atatumia mfuko wa choo tumboni au atatengenezewa kifuko cha ndani kwa utumbo mwembamba. Wapo pia wenye utumbo mpana unaojisokota mara kwa mara, na wenye vijifuko vya utumbo vinavyovimba na kupona na kuvimba tena.

Kabla ya yote hayo kuna TB ya utumbo. Hupenda kukaa palepale Crohn hupenda kukaa, utumbo mwembamba unapokutana na mpana, upande wa kulia chini. Dalili zinafanana: kukonda, kuharisha, homa, maumivu. Lakini TB hutibiwa kwa vidonge kwa miezi 6 au zaidi, na hapa Tanzania vidonge hivyo ni bure. Mtu wa TB akipewa dawa za Crohn zinazoshusha kinga, TB husambaa. Kwa hiyo uliza kama umechukuliwa kinyama cha kupima maabara kwa kamera inayopitia njia ya haja kubwa. Wakati mwingine laparoskopi yenyewe hufanywa kwa ajili hiyo tu, kuangalia na kuchukua vinyama.

Si kila tumbo linafaa. Utumbo uliopasuka na mgonjwa yuko taabani, moyo au mapafu yasiyohimili gesi, au makovu mengi ya zamani, vinaweza kumfanya daktari achague mshono mrefu. Pia anaweza kuanza na matundu akalazimika kupasua. Hilo huelezwa kabla hujaweka saini, na ni uamuzi wa usalama.

Mambo yakienda sawa, maumivu ni machache, jeraha halitungi usaha kirahisi, ngiri ya mshono hupungua, na wengi hutoka wodini mapema kuliko waliopasuliwa. Hata hivyo mkulima wa Tandahimba aliyefanyiwa Septemba asitegemee kubeba magunia ya korosho Oktoba. Kunyanyua vizito husubiri wiki 6 hivi, hata ngozi ikionekana imepona.

Hatari inayonitia wasiwasi zaidi ni pale utumbo ulipounganishwa kuvuja, jambo ambalo mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza, pengine mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Anayetoka Nanyumbu au Liwale amwombe ndugu wa karibu na hospitali amkaribishe siku hizo. Homa, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa na kuuma zaidi kuliko jana: akiona hivyo arudi hospitali usiku huohuo, asisubiri kliniki.