Upendo wa Mungu haununuliwi kwa njaa

Tangu Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola, upande wa bara kutoka hapa Malindi, yalipoanza kufukuliwa, swali moja limekuwa likirudi katika madarasa ya makatekista ninayofundisha: je, mwanadamu afanye nini ili Mungu ampende zaidi? Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini, na kwa mujibu wa mashtaka, watu hao walifundishwa kwamba wakijinyima chakula hadi kufa watakutana na Yesu. Mahakama ina kazi yake, nami sina la kuiongezea. Kazi yangu ni mafundisho, na kwa upande wa mafundisho jibu la imani ya Kikristo ni kwamba hakuna jambo lolote tunaloweza kufanya likamfanya Mungu atupende kuliko anavyotupenda sasa.

Jibu hilo halikutungwa ili kuwafariji wafiwa. Katika Warumi 5:8 mtume Paulo anataja wakati ambapo Kristo alikufa kwa ajili yetu, nao ni wakati “tulipokuwa tungali wenye dhambi”, yaani kabla ya toba, kabla ya ubatizo, na kabla ya saumu yoyote. Kumbukumbu la Torati 7:7-8 inawaambia Waisraeli vivyo hivyo: hawakuchaguliwa kwa sababu ya wingi wao, kwa kuwa walikuwa wachache kuliko mataifa yote, bali kwa sababu Bwana aliwapenda. Ukiuliza kwa nini aliwapenda, andiko halitoi sababu nyingine, na mimi naona ukimya huo ndio moyo wa mafundisho yenyewe, kwa maana upendo ungekuwa na sababu ndani yetu, ungeondoka siku sababu hiyo inapokwisha.

Mahali ninapokaa muda mrefu zaidi na wanafunzi wangu ni Luka sura ya 15, katika mfano wa Yesu wa mwana mpotevu. Yule mwana aliyetapanya mali aliandaa maneno yake akiwa bado anachunga nguruwe katika nchi ya mbali: angekiri kwamba amekosa, angesema hastahili kuitwa mwana, kisha angeomba afanywe kama mmoja wa watumishi wa baba yake. Ombi hilo la mwisho ni pendekezo la malipo, kwa kuwa mtumishi hula kwa jasho lake. Lakini tazameni aya ya 21. Mwana anakiri, anasema hastahili, na hapo baba anawageukia watumwa na kuagiza vazi lililo bora, pete na viatu. Lile ombi la kuwa mtumishi halitamkwi kabisa. Tena baba alikuwa amekwisha kumkimbilia alipokuwa angali mbali, kabla hajasikia neno hata moja la toba. Toba ilikuwa ya kweli na ilihitajika, kwani bila kurudi mwana asingelionja pendo lile. Hata hivyo, siyo toba iliyolizaa.

Kaka yake mkubwa ndiye anayefanana zaidi na sisi tunaohudhuria ibada bila kukosa. Yeye anahesabu miaka aliyotumika na mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Alikaa nyumbani mwa baba yake akiwa na mawazo ya kibarua, na ndiyo maana furaha ya wengine ilimuumiza. Hata kwake yeye, baba alitoka nje, akamsihi.

Juu ya jambo hili Wakristo waliogawanyika kwa karne nyingi wameweza kusema kwa sauti moja. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja linalokiri kwamba Mungu hutukubali kwa neema peke yake, si kwa ustahili wowote ulio ndani yetu, na kwamba neema hiyohiyo hutufanya upya na kutuwezesha kutenda mema.

Basi, kwa nini tufunge wakati wa Kwaresima? Isaya 58 inajibu waziwazi: saumu anayoichagua Mungu ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Saumu ya namna hiyo humwachia jirani sahani iliyojaa. Mhubiri anayeuelekeza mkono wa mama mbali na kinywa cha mtoto wake amekwisha kuiacha Isaya, hata akiinukuu kila siku.

Wapo wanaohofu kwamba fundisho hili litawalegeza waumini. Paulo aliisikia hofu hiyo na akaijibu kwa neno moja katika Warumi 6: hasha! Yule baba hakusema kwamba maisha ya nchi ya mbali yalikuwa mema. Alisema mwanawe alikuwa amekufa. Kupendwa bila sharti hakumaanishi kwamba kila tunalolitenda limekubaliwa.

Swali gumu zaidi huulizwa na jamaa za waliokufa, nalo ni kama Mungu aliwaacha ndugu zao kule msituni. Mimi huwafungulia Warumi 8:35, ambapo Paulo anaorodhesha mambo yasiyoweza kumtenga mtu na upendo wa Kristo, na katika orodha hiyo ameitaja njaa kwa jina lake. Kwa hiyo nawajibu bila kusita kwamba njaa ile haikuwasogeza ndugu zao karibu zaidi na Mungu, kama walivyoambiwa, wala haikuwatenga naye, na kwamba watoto waliokuwa miongoni mwao walipendwa kikamilifu siku walipokuwa wameshiba.