Kimashine chako cha povu sio kibovu, angalia joto la maziwa

Vile vimashine vya mkononi vya kupiga povu la maziwa, vyenye mpini wa betri na kispringi cha duara kule chini, siku hizi vimejaa hapa Mwanza na mimi nafurahi sana kwasababu watu wameanza kunywa kapuchino, ile kahawa yenye povu la maziwa juu, nyumbani kwao bila kusubiri kwenda mgahawani. Kazi yangu ni kahawa, nafundisha watu kuitengeneza, na lalamiko ninaloletewa kuhusu hivi vidude ni lile lile, kwamba kinazunguka vizuri tu lakini povu halikai.

Juzi dada mmoja wa Pasiansi kanipigia. "Kaka, hiki kidude nimepigwa, povu linakuja alafu linapotea hapo hapo." Nikamuuliza maziwa yako katika hali gani. "Nimechemsha, nikayaacha kwanza yapoe nisije kuungua." Nikamwambia chovya kidole kisafi uniambie. "Ya vuguvugu tu, kaka." Basi, tatizo tumeshalipata, kimashine hakina shida yoyote.

Iko hivi. Povu la maziwa linashikiliwa na protini, zile protini zinazunguka kila kipovu cha hewa na kukibana kisipasuke. Mafuta yaliyomo kwenye maziwa ndio yanaweza kuharibu kazi, na inategemea yapo kwenye joto gani. Maziwa yakitoka friji yale mafuta mengi yake yameganda, yametulia. Yakipita nyuzi 40 yanakuwa yameyeyuka yote, hapo pia hayana fujo. Shida ni pale katikati, nyuzi 20 mpaka 40 hivi, maana mafuta yanakuwa nusu yameganda nusu yameyeyuka, ukiyapiga vile vipande vilivyoganda vinatoboa ngozi ya chembe za mafuta, mafuta yanamwagika nje na kupasua povu lako. Sasa fikiria jikoni kwetu huku saa nane mchana, maziwa yakikaa mezani yanaishia kwenye joto hilo hilo baya kuliko yote. Kwa hiyo ni ama ya baridi kabisa kutoka friji, ama ya moto wa nyuzi 60 mpaka 65. Usipige ya katikati.

Na kumbuka hiki kidude hakipashi moto. Ile mashine kubwa ya mgahawani inapuliza mvuke, kwa hiyo inatia hewa na joto kwa pamoja, hiki chako kinatia hewa tu, joto ni juu yako na sufuria yako. Kama huna kipimajoto, pasha kwa moto mdogo huku unakoroga, mvuke ukianza kupanda toa. Ukishaona vipovu vidogo vinajipanga pembeni ya sufuria ujue umepitiliza, na maziwa yaliyopita nyuzi 70 yanaanza kuwa na ladha ya kupikwa, ule utamu wake wa asili hausikiki tena. Mimi napenda kumimina kwenye kikombe cha chuma na kukishika kwa kiganja, nikiona siwezi kukishikilia zaidi ya sekunde mbili tatu najua hapo panafaa.

Kuhusu maziwa yenyewe, wengi wetu tunanunua ya kupimiwa. Hayo lazima yachemke kwanza, hakuna mjadala, maziwa mabichi yanaleta brusela na kifua kikuu. Chemsha, yapoe, weka friji, kesho yake toa ule utando wote wa juu (wapishi wa chapati watakushukuru) alafu uchuje, ndio upashe upya mpaka 60. Ukiacha utando yale mafuta yaliyojitenga yanalikandamiza povu. Yakiwa yameongezwa maji utajua tu, povu linakuja la mapovu makubwa makubwa mepesi, kwasababu protini imepungua humo ndani. Ya paketi yanayokaa muda mrefu bila friji ni rahisi zaidi kwa anayeanza, mafuta yake yameshasagwa kiwandani na povu lake linatulia. Kuna watu wanayadharau, mimi siyadharau hata kidogo.

Sasa kupiga. Chombo kiwe kirefu chembamba, maziwa yasizidi nusu maana yataongezeka. Kizamishe kispringi KWANZA ndio uwashe, ukiwasha kikiwa nje utafuta ukuta mpaka jioni. Anza karibu na juu, kispringi kiwe chini kidogo tu ya uso wa maziwa, hapo ndio kinavuta hewa, na muda huo uwe mfupi, sekunde kumi mpaka kumi na tano zinatosha. Baada ya hapo shusha chini, inamisha chombo kidogo maziwa yazunguke kwa nguvu, usiongeze hewa tena, sasa unavunja yale mapovu makubwa yawe madogo. Hii hatua ya pili ndio watu wanairuka, wanabaki juu juu mwanzo mwisho alafu wanapata povu la sabuni ya kufulia, kavu, linakaa peke yake na maziwa yako chini peke yake. Ukizima gonga kitako cha chombo mezani mara mbili tatu, zungusha, mimina hapo hapo, maana ukiliacha povu linajitenga na maziwa.

Kahawa ya chini iwe nzito. Sisi tuna bahati, ng'ambo ya ziwa kuna robusta ya Kagera, kahawa yenye nguvu na uchungu ambayo maziwa hayaifuniki, kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, ile aina nyingine ya kahawa. Kwa kinywaji cha maziwa mengi mimi naichagua hiyo. Arabika ya Kilimanjaro ni tamu sana ila ukiipika nyepesi ukaizamisha kwenye maziwa huisikii. Na kwa kuwa Mwanza tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo yale maelekezo ya kusubiri maji yapoe kwanza yasikusumbue, yakichemka mimina. Sukari koroga ndani ya kahawa kabla ya maziwa, ukija kukoroga baadae unaliua povu.

Ukiwa na kahawa ya unga ya kuyeyuka kama Africafe, weka vijiko viwili vya chai, sukari kiasi hicho hicho na maji ya moto kidogo sana, piga na kimashine mpaka iwe nzito ya rangi ya karameli, alafu mwagia juu ya maziwa baridi na barafu. Kwa joto la huku hiyo mchana ni kitu kingine kabisa.

Ukimaliza kizungushe ndani ya maji ya moto yenye sabuni kidogo muda huo huo, kisha maji masafi, maziwa yakikaukia kwenye kispringi yananuka na kuyatoa ni kazi. Mpini usiuzamishe, ndio wenye mota. Na ukiona mapovu yanaanza kuwa makubwa wakati joto na maziwa ni yale yale, badilisha betri.