Ukarimu wa Mkristo: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukarimu unawahusu wenye uwezo, na kwamba Mkristo anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga amesamehewa wajibu huo. Mjane wa Sarepta, alipokutana na Eliya langoni pa mji, alikuwa akiokota kuni za kupikia chakula alichodhani ni cha mwisho kwake na kwa mwanawe. Alibakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, na bado nabii alimwomba amwandalie yeye kwanza. Waumini wengi hawakosi chakula, bali huona haya kumwekea mgeni ugali na mchicha, na haya hiyo, nionavyo, imefunga milango mingi kuliko umaskini.

Wengine husema wageni ni kazi ya akina mama. Katika Mwanzo 18, Sara alikanda unga, lakini aliyekimbia kuwalaki wageni, akaagiza maji ya kuwaosha miguu, akaenda kundini kuchagua ndama, kisha akasimama karibu nao chini ya mti walipokuwa wakila, ni mzee Abrahamu mwenyewe. Paulo naye, katika 1 Timotheo 3:2, anataka askofu awe mkaribishaji, sifa ambayo tunapochagua viongozi wa kanisa huipita haraka mno.

Kuwaalika ndugu na marafiki ni jambo jema, ila Luka 14 inawataja wasioweza kulipa: maskini, vilema, viwete na vipofu.

Ipo pia dhana kwamba ukarimu wa Kikristo hauna mipaka, hata kumwuliza mgeni ataondoka lini ni dhambi. Didake, mwongozo wa Wakristo wa kale ambao wataalamu wengi huuweka kati ya mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, unaagiza kwamba mpita njia asaidiwe na akae siku mbili, au tatu ikibidi. Akitaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi ndipo ale. Wahenga wetu nao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini agizo hilo linaanza kwa kutaka kila ajaye kwa jina la Bwana apokelewe, ndipo achunguzwe, na utaratibu huo ndio tunaoupindua tunapomdai mgeni barua ya utambulisho kabla hatujampa hata maji ya kunywa.