"Itis" si mdudu

Nimetumiwa tena picha ya cheti kwenye WhatsApp. Kimeandikwa "dermatitis", na chini yake swali lile lile: "Daktari, antibayotiki gani inaua hii?" Hakuna inayoiua, ndugu yangu, kwa sababu hakuna mdudu anayeitwa dermatitis. Ngozi imekasirika. Mara nyingi ni sabuni.

Naandika hapa ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo tu. Maneno ya hospitali ya Kiingereza yanayoishia na "-itis" yanakwambia mambo mawili: ni wapi, na pale panaendelea nini. Gastritis ni tumbo, hepatitis ni ini, nephritis ni figo, arthritis ni kiungo. Mwisho wake ni mchochota: pamekuwa pekundu, pamevimba, pana joto, panauma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mrumi Celsus katika karne ya kwanza, na wanafunzi wa utabibu bado wanazikariri. Nani kachochea? Neno halisemi. Anaweza kuwa bakteria, kirusi, pombe, jiwe la nyongo, dawa uliyomeza jana, au kinga yako mwenyewe iliyokugeuka.

Wagiriki wa kale walikuwa wakisema machache hata kuliko hayo. Kwao "-itis" ilifanya kazi kama "-a" unganifu yetu: "arthritis nosos", ugonjwa wa viungo. Kisha "nosos", yaani ugonjwa, ikadondoka, ikabaki "wa viungo" peke yake, na baadaye sana madaktari wa Ulaya wakaibebesha maana ya mchochota. Tangu hapo maneno yakawa yanatengenezwa kama chapati. Appendicitis, mchochota wa kidole tumbo, kwa mfano, ni la mwaka 1886, la daktari Reginald Fitz wa Boston. Kamusi kubwa ya Oxford ilipotoa herufi A miaka hiyo ya 1880 haikuwa nalo. Halafu mwaka 1902 Mfalme Edward VII wa Uingereza akapasuliwa siku mbili kabla ya kutawazwa, sherehe ikasogezwa kutoka Juni hadi Agosti, na ulimwengu mzima ukajua kidole tumbo ni nini.

Sasa linaloniudhi kweli: homa ya ini. Hepatitis tumeitafsiri kwa kuitia homa, kama tulivyofanya kwa homa ya mapafu na homa ya uti wa mgongo, na Mswahili akisikia homa anatafuta mdudu wa kuua na mtu wa kumkimbia. Virusi vya hepatitis vipo, A mpaka E, na hakuna hata kimoja kinachoguswa na vidonge vya rangi mbili. Lakini ipo pia hepatitis ya pombe. Ipo ya panado zilizomezwa kupita kiasi. Ipo ya kinga ya mwili kulishambulia ini lake yenyewe. Nimeona mlevi ametengewa kikombe na sahani na familia yake, wakati ugonjwa wake hauambukizi mtu. Kinachoambukiza pale labda ni chupa. Na nimeona mama asiyewahi kuonja hata tembo akisemwa na majirani kwamba anakunywa kwa siri, kumbe ana hepatitis B, ambayo huenda aliipata kwa mama yake siku aliyozaliwa. B hupita kwa damu, kwa ngono, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kikombe hakihusiki. Chanjo ipo, kachanjwe. Watu wawili, neno moja kwenye cheti, na mtaa mzima umekosea kwa wote wawili.

Kuna wajuaji waliojifunza nusu, wanaosema "-itis" ni ya wadudu na "-osis" haina wadudu. Basi waniambie tuberculosis, kifua kikuu, inaletwa na nini. "-osis" ni hali tu. Goti la bibi lililolika gegedu, Waingereza wanaliita osteoarthritis, Wafaransa arthrose, kwa hiyo mgonjwa mmoja akivuka mpaka kutoka Kigoma kwenda Bujumbura anabadilishiwa mwisho wa neno na goti linabaki lile lile. Sisi tunamwambia ana baridi yabisi, tena tunamkataza kuoga maji ya baridi. Sijui tulilitoa wapi hilo.

Na vitabu havikwambii kwa sauti kubwa kwamba wakati mwingine hata mchochota wenyewe haupo. Kano iliyouma kwa miezi, ile tunayoiandikia tendinitis, ukiitazama kwa hadubini unakuta nyuzi zilizochakaa na seli chache sana za mchochota. Gastritis nayo, kwa haki, ni jina la kutolewa na mtu aliyekiona kipande cha utando wa tumbo kwenye hadubini. Sisi wa zahanati tunaliandika kwa sababu tumbo linauma na foleni ni ndefu. Daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria wa tumbo kwa makusudi mwaka 1984 ili kuthibitisha kwamba wanaleta gastritis, akaumwa tumbo, akapata Nobel pamoja na Robin Warren mwaka 2005, kwa hiyo ndiyo, gastritis nyingine zinatibiwa kwa antibiotiki. Baada ya kupima. Kama unameza diclofenac, dawa ya maumivu inayoweza kuchubua tumbo, kila siku kwa ajili ya mgongo, anza kwa kutuambia hilo.

Meningitis, ile homa ya uti wa mgongo, sina mjadala nayo: shingo imekakamaa, homa kali, kichwa kinapasuka, kimbia hospitali usiku huo huo, mdudu atajadiliwa ukiwa kitandani.

Mafindofindo ndiyo yananinyima usingizi. Mengi ni ya virusi na yanapona yenyewe. Machache ni ya bakteria aitwaye streptokoka, na hiyo ukiiacha kwa mtoto inaweza kumletea homa ya baridi yabisi (rheumatic fever, si goti la bibi) inayoharibu vali za moyo. Kwa kutazama koo tu siwezi kuapa ni ipi. Kipimo cha haraka kipo, ila si hapa kwetu. Basi mtoto mwenye homa, usaha kooni na tezi za shingo zinazouma, bila kikohozi, nampa amoksilini. Yule wa kikohozi na kamasi namrudisha nyumbani na panado, mama yake akiondoka amenuna. Vyeti vyao vyote viwili nimeviandika tonsillitis.