"Run" na shangazi aliyekimbia hospitali

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Juzi alipewa kazi ya kutafsiri, na sentensi mojawapo ilikuwa "My aunt runs a hospital." Akaandika: "Shangazi yangu anakimbia hospitali." Kiswahili chake hakina kosa hata moja. Ila shangazi, ambaye ndiye mkuu wa hospitali, kageuka mgonjwa anayeogopa sindano.

Sikumlaumu. Kamusi ndogo za mfukoni zinasema "run" ni kukimbia, zikaishia hapo. Kamusi kubwa ya Oxford haina haraka hiyo. Katika toleo lake la pili la mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", likiwa na maana 430 kama kitenzi. Toleo la tatu lilipoandaliwa, "run" ikalipita: maana 645, na hapo tunahesabu kitenzi peke yake. Mhariri aliyekabidhiwa neno hilo, Peter Gilliver, alikaa nalo kwa takriban miezi tisa. Muda wa mimba, kwa neno la herufi tatu!

Wingi huo una asili. Tangu zamani sana neno hili halikuhusu miguu tu, lilihusu maji pia. Ndugu yake wa Kijerumani, "rinnen", hadi leo ni kutiririka. Ukilishika hilo, mengi yanajipanga yenyewe. Mto una-"run", bomba lililoachwa wazi lina-"run", na pua ya mtoto mwenye mafua nayo hivyo hivyo. Loweka kanga mpya nyekundu pamoja na shati jeupe, ulitoe shati limekuwa la waridi: sisi tunasema kanga imechuja, Mwingereza atasema rangi zime-"run".

Kisha zikaja mashine, na hapo ndipo neno liliponenepa. Injini ikiwaka ina-"run". Treni zinazofanya safari kila saa zina-"run", na programu ya kompyuta ikiwa kazini ni hivyo hivyo. Kutoka kwenye mashine inayokwenda, si mbali kufika kwa mtu anayeifanya iende, na kutoka kwa huyo hadi mwenye duka, mkuu wa shule au shangazi wa hospitali. Wote wanakifanya kitu kisisimame.

Kwenye siasa Waingereza na Wamarekani wameachana njia. Mmarekani anayetaka urais ana-"run", lakini Mwingereza anayetaka ubunge husema ana-"stand", yaani anasimama. Sisi tunasema anagombea, neno lenye mzizi mmoja na ugomvi, na kwa maoni yangu ndilo la kweli kuliko yote matatu.

Neno likiwa nomino, kuna moja la kuogopwa: "run" ya benki. Hapo wenye akiba wanakimbilia pesa zao siku moja, kila mtu akihofia kukuta sanduku tupu. Septemba 2007 foleni za namna hiyo zilionekana Uingereza nje ya matawi ya benki ya Northern Rock. Kwenye kriketi "run" ni alama tu, haina presha.

Kiswahili kinafanyaje kazi hiyo? Hakilundiki mzigo wote kwenye neno moja, kinabadili mkia wa kitenzi. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kisha mkimbizi. Enda ikitiwa "-esha" inakuwa endesha, na hapo ndipo tunapokaribiana na Kiingereza kuliko tunavyodhani: tunaendesha gari, tunaendesha biashara, tunaendesha mkutano. Hata tumbo lina kuendesha kwake, na ndiyo maana Kiingereza cha kwetu Afrika Mashariki kina "running stomach", msemo ambao mgeni kutoka London huenda akauliza mara mbili.

Basi nikamwambia mpwa wangu aandike "Shangazi yangu anaendesha hospitali." Akafuta, akaandika, akafunga daftari. Nililifungua kuhakikisha. Kwa haraka zake alikuwa ameruka neno la mwisho: "Shangazi yangu anaendesha." Sasa shangazi ama yuko kwenye usukani, ama yuko chooni.