Korosho bado zipo mtini, ukumbi umeshachukuliwa

Mwishoni mwa Oktoba alinipigia baba mmoja wa Tandahimba. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, mnada wa kwanza wa korosho umepita, hela inaingia benki wiki hii. Sasa tuanze harusi ya mdogo wako." Alitaka Jumamosi ya pili ya Desemba, hapa Mtwara mjini. Nikapiga simu kumbi nne. Zote zilikuwa zimeshalipiwa, mbili tangu Julai. Kumrudia mzee yule na jibu hilo kulikuwa kugumu, maana hakuwa amezembea. Alisubiri awe na pesa mkononi, kama alivyofundishwa na wazazi wake.

Naratibu harusi Mtwara na Lindi, na hili ndilo jambo ninalolirudia kwa kila familia: pesa za huku huja na korosho, lakini tarehe huondoka kabla ya korosho. Ukingoja malipo ya mnada ndipo uanze kutafuta watu, utakuwa unatafuta pamoja na wilaya nzima.

Chukua msimu unaoanza mwaka 2026. Malipo ya korosho huanza kuonekana kuelekea Novemba. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hizo hizo, mwezi ukiandama. Kwa hiyo Waislamu wanataka kumaliza shughuli kabla Shaabani haijaisha, na Wakristo kabla ya Kwaresima. Hesabu Jumamosi kuanzia 7 Novemba mpaka 6 Februari: ni kumi na nne tu. Mkatoliki atoe na zile za Majilio, kama paroko wake hafungishi ndoa kipindi hicho. Harusi zote za watu waliovuna zinagombania siku hizo.

Ndiyo maana nawaambia waanze Mei au Juni. Wengi huniuliza, "Dada, tuanze na nini?" Na kianzio. Ukumbi hauhitaji pesa yote Juni, unahitaji kitu cha kuzuia tarehe. Mwenye ukumbi wa huku anaujua msimu vizuri, pengine naye ana mikorosho Newala au Nanyamba. Mwambie wazi: nakupa kiasi hiki leo, cha pili kamati ikikaa, salio baada ya mnada. Mara nyingi mtaelewana. Anachokataa ni kuambiwa "nitakuja" bila kuachiwa chochote.

Kabla ya ukumbi, lakini, nenda kwa anayefungisha ndoa. Nimeona watu wakilipia ukumbi kisha wakaambiwa padri yuko safarini siku ile. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21, na kanisani kuna matangazo na mafundisho yanayochukua muda zaidi ya hapo. Shehe au padri akikubali tarehe, ndipo ufunge ukumbi, siku ileile ukiweza.

Baada ya hapo kipimo changu ni kimoja: nani hawezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja? MC ana mdomo mmoja. Mpiga picha unayempenda kwa jicho lake hawezi kumtuma mwenzake ukapata picha zilezile. Mpishi mkuu wa pilau ana wasaidizi, ila mkono unaopima viungo ni wake. Hawa watatu wapate kianzio miezi minne au mitano kabla. Mapambo, viti na maturubai yafuate upesi, kwa sababu seti za kutosha watu mia tatu si nyingi mjini, na zinatembea mpaka Masasi. Muziki na magari, miezi miwili inatosha. Keki, mwezi mmoja. Kama sherehe iko Newala na keki inatoka Mtwara, chagua isiyo na krimu nyingi na isafirishwe asubuhi. Joto la Desemba halisubiri gari lipande milima ya Makonde.

Saluni ya bibi harusi watu huisahau. Jumamosi moja ya Desemba saluni inaweza kuwa na maharusi watatu, na wa tatu ndiye anayechelewa kanisani. Buku saa, usibuku siku tu.

Sasa karatasi. Mwaka mmoja nilikubaliana na mpiga picha kwa simu, bila kianzio wala maandishi, kwa kuwa tulikuwa tumefanya kazi pamoja mara nyingi. Jumanne ya wiki ya harusi akanijulisha kuwa amepata kazi nyingine. Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa bibi harusi kumwambia, nikamkuta anapakwa hina, mikono ameinyoosha mbele, hawezi hata kujifuta machozi. Mama yake ndiye aliyemfuta kwa ncha ya kanga. Tulipata mtu mwingine, lakini uso ule bado ninao. Tangu hapo kila anayepokea pesa kwangu anaandika: tarehe, mahali, saa ya kufika, kiasi kilicholipwa, salio na siku ya kulilipa, na nini kitarudishwa mmoja wetu akivunja. Hata fundi aliye ndugu yangu.

Wanaoleta MC au mapambo kutoka Dar, nawasihi wafike siku mbili kabla, hasa mvua zikiwa zimekolea. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kuja Lindi ilikatika upande wa Kilwa na mabasi yakakwama. Ukiwa na harusi Aprili au Mei, watafute watu wa hukuhuku. Tunao wazuri.

Yule mzee wa Tandahimba tulimhamishia Ijumaa, akakubali baada ya kuzungumza na wakwe. Siku tatu kabla nilimpigia kila mtu aliyekuwa kwenye daftari, swali langu likiwa lilelile siku zote: utatoka nyumbani saa ngapi? Mpishi akanijibu, "Dada, kuni zimeshashushwa, mchele nauchambua kesho." Nikalikata jina lake kwa kalamu, nikampigia wa viti.