Rangi Haina Habari Yoyote ya Boila

Kila inapowekwa mtandaoni picha ya injini ya mvuke aina ya Garratt, namba 5918, Mount Gelai, pale Makumbusho ya Reli Nairobi, maoni ni yale yale: "Mbona inang'aa hivi? Tieni maji, washeni moto, itutembeze Jumapili!" Wa pili anadakia kwamba vyuma vya zamani havifi, wa tatu anaiita "kareli kadogo". Nimevumilia vya kutosha. Hili si jiko la kuchomea mahindi, jamani, na aliyepaka rangi hakuingia ndani ya tanuru, chumba cha moto cha boila.

Kwanza tumalize hili la "kareli kadogo". Geji, yaani upana kati ya reli, ni ya mita moja, ndiyo. Lakini zile 34 za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, zina tani 252 kila moja, tani 21 kwa ekseli, na urefu unaozidi mita 31. Katika geji hiyo haijawahi kuundwa injini ya mvuke kubwa kuliko hizi. Zilipanda na tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi kwenye mwinuko wa 1 kwa 66. Nairobi zimebaki mbili, 5918 na 5930 Mount Shengena. Majina ni ya milima: Gelai iko kando ya Ziwa Natron na Shengena iko Upare, kwa hiyo Watanzania wanaotaka kudai chao wana hoja, ila wasiniletee mimi.

Haya, "washeni moto". Moto gani? Hizi zinakula mafuta mazito, na yakipoa hayatiririki. Hupashwa moto ndani ya tangi kwa mvuke, kisha bana, pua ya kuchomea, huyarusha kama ukungu kwa mvuke huo huo. Bloa inayovuta moshi utoke kwenye dohani nayo inataka mvuke. Maana yake, kupata mvuke kunahitaji mvuke. Ama unaazima kwa boila nyingine, ama unatumia hewa ya kompresa, ama unaanza na kuni chini ya tanuru mpaka presha ianze kuinuka.

Ukishaupata moto, usiukimbize. Boila ya ukubwa huu ningeipa mchana mzima na usiku wake. Kwa presha ya kazi, pauni 225 kwa inchi ya mraba, maji yamefika nyuzi 200, na kila mita ya chuma imerefuka takriban milimita 2. Ukiharakisha, tanuru limeshatanuka huku tumbo la boila chini bado ni la baridi, na mvutano huo unalipwa na viungo. Ndiyo sababu boila hufungwa imara upande mmoja tu, upande mwingine ukaachwa uteleze. Nimeshaona maelekezo ya "uhifadhi" yanayotaka pande zote mbili zikazwe boliti, eti zisicheze!

Kupoa ndiko kubaya zaidi, na hapa mafuta yana hila ambayo makaa hayana. Moto wa makaa hufa polepole. Wa mafuta unakatika papo hapo, na dampa, milango ya hewa, zikiachwa wazi hewa baridi inavutwa moja kwa moja hadi kwenye ncha za tyubu, yale mabomba yanayopitisha moshi wa moto katikati ya maji. Tyubu ni nyembamba, zinasinyaa kabla ya bamba lililozishika. Zinalegea, zinaanza kulia machozi, na kesho yake mtu anasema tyubu ni mbovu. Fayamani mzuri, mtunza moto, alikuwa anazima moto, bloa na dampa kwa pamoja. Akitaka kuwasha tena, hawashi kwa joto la matofali. Anaondoa kwanza gesi iliyokusanyika, kisha anaingiza mwenge unaowaka, ndipo afungue mafuta. Akipindua utaratibu huo, mlango wa tanuru unamfuata alipo.

Maji nitayapitia haraka. Ukoko ukishika juu ya bamba, joto linabaki kwenye chuma badala ya kwenda majini. Tope hukaa chini, kwenye ringi ya tanuru, na kona zake ndizo zinazoliwa. Dawa ni kuosha kwa mpira na fimbo, plagi zote zikiwa zimefunguliwa, boila ikiwa imepoa kabisa. Chumvi ikizidi, maji yanatoa povu, glasi ya kuonyesha kina cha maji inadanganya, maji yanaingia kwenye silinda, na kwa kuwa hayabanwi, kifuniko cha silinda kinapasuka. Halafu kuna plagi ya madini ya risasi kwenye paa la tanuru, ya kuyeyuka maji yakipungua, ambayo watu huiona kama bima. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 na kupiga kelele ya mvuke, basi. Kwenye tanuru kubwa haizimi moto. Ukiisikia, ulishachelewa.

Sasa tufike kwenye linalonikera hasa: "Tuliijaza maji, tukapandisha presha, haikuvuja, iko salama."

Jaribio la maji hufanywa kwa mara moja na robo hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Hutumiwa maji kwa sababu kitu kikiachia presha inashuka papo hapo, ilhali hewa iliyobanwa ingerusha vipande. Ni jaribio zuri. Linakwambia kwamba siku ile, ikiwa baridi, boila ilishikilia. Halikwambii kama stei imeshapasuka nusu. Stei ni mamia, zinashikilia bamba la tanuru lisitenganishwe na bamba la nje, na kwa kuwa tanuru hupanda zaidi likipata moto, stei za safu za juu na za pembeni hupindwa kila safari mpaka zinachoka. Fundi wa zamani alitoboa tundu dogo katikati ya stei ili ikikatika mvuke utoke na kuisema. Ndugu zangu wapaka rangi wameyaziba matundu hayo! Koti tatu za rangi nyeusi inayong'aa, na stei iliyokatika imenyamazishwa.

Kwa hiyo kwanza tumia msumari, uzibue tundu moja baada ya jingine. Kisha gonga kwa nyundo ndogo na usikilize, mwenzako akiwa upande wa pili. Kisha pima unene wa bamba kwa mawimbi ya sauti, kwa mistari, ukisogeza kidogo kidogo. Stei mbili jirani zikikutwa zimekatika, sijadili tena, haiwashwi.

Hata baada ya yote hayo kuna jambo ambalo vitabu hulipita kimya. Shimo la kutu upana wa ukucha linaweza kukaa kati ya vipimo vyangu viwili. Ninapotia sahihi kwenye ukaguzi wa boila, sehemu ya sahihi hiyo ni makisio. Na swali la kama iendeshwe kabisa linanigawa. Kila kuwashwa kunakula maisha ya chuma, na kusimama nako kunakula. Ukibadilisha tanuru, tyubu na stei zote, presha unaipata, ila sijui umehifadhi nini. Beyer, Peacock ilifungwa mwaka 1966, kwa hiyo kila kipuri kipya ni kazi ya karakana ya leo.

Wasiokuwa na mpango wa kuiwasha wana kazi ya bei nafuu wasiyoifanya. Zibeni dohani. Masizi ya mafuta mazito yana salfa, mvua ikiyalowesha inakuwa asidi, inakula kisanduku cha moshi kutoka ndani huku nje kunang'arishwa. Boila ama iwe kavu kabisa, imefungwa na vyombo vya chokaa hai ndani, vibadilishwe kabla havijalowa, ama ijazwe pomoni maji yaliyotiwa dawa. Nusu kwa nusu ndiyo mbaya kuliko zote, chuma huoza pale maji yanapokutana na hewa. Fungueni vali za kutolea maji kwenye silinda. Sogezeni magurudumu nusu mzunguko kila baada ya miezi michache, yakishapakwa mafuta. Na kabla hamjafungua blanketi la boila, lile la kuzuia joto lisipotee, kutafuta kutu, pelekeni kipande maabara kipimwe asbesto. Msikifumue kwa mikono mitupu, na msikipulize kwa kompresa.